Wifi Amenibonyeza Mguuni Nipate Usingizi, Mama Mkwe Anasema Nitamtoa Mtoto

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni msomaji wako wa hapahapa Mwanza, naishi Mabatini, kule juu mawe yanakoanzia. Nina miaka 27 na mimba hii ni ya pili. Kwa hesabu ya kadi ya kliniki niko wiki ya 34. Mimba ya kwanza haikunisumbua, nililala kama gogo mpaka siku ya kwenda leba. Hii ya sasa imeninyima usingizi hadi naogopa jua likizama.

Nauza maandazi na chai karibu na stendi. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nakanda unga, nashuka mlima na ndoo, napanda saa tisa mchana. Saa tatu usiku niko hoi, najitupa kitandani. Hapo ndipo miguu inapoanza. Siyo maumivu hasa. Ni kama sisimizi wanatembea ndani ya mifupa, chini ya magoti, na nisipoichezesha miguu najisikia kulia. Nikisimama nikatembea chumbani inatulia. Nikilala, wale sisimizi wanarudi. Ikipoa kidogo, mkojo unaniamsha. Nikirudi, kiungulia. Halafu joto, maana mawe haya yanayotuzunguka yanakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Inafika saa nane, saa tisa, nasikiliza mbwa tu.

Wifi yangu wa Igoma aliona video ya jinsi ya kubonyeza sehemu fulani za mwili ili mtu alale, wenyewe wanaita akupresha. Jumapili alikuja kunifanyia. Alinibonyeza kifundo cha mkono, katikati ya nyusi, mabegani, halafu ndani ya mguu juu ya kifundo, na pale alikandamiza kwa dole gumba mpaka nikashtuka. Ukweli, Mama, usiku ule nililala saa tano mfululizo, kitu ambacho sijakipata kwa mwezi mzima.

Jumanne mama mkwe, ambaye amekuja kutoka Ukerewe kunisubiri nijifungue, akasikia habari hiyo. Alipandisha sauti mpaka majirani wakatoka. Anasema pale mguuni ndipo wanapobonyezwa wanawake ambao uchungu umechelewa, na kwamba nimetaka kumtoa mjukuu wake kabla ya siku zake. Tangu hapo hata zile saa chache sizipati. Nakesha mkono uko tumboni, nasikiliza kama anacheza. Anacheza, tena sana. Sijaona damu, sijaona maji.

Sasa wifi anasema niendelee, mama mkwe anasema nikiguswa tena anafunga mizigo. Mume wangu anapakia dagaa Mwaloni Kirumba, akirudi amechoka, anaona bora anyamaze. Shoga yangu wa pale stendi anasema nimeze Piriton moja usiku, nitalala kama mtoto.

Kuna vitu viwili niongeze, sijui kama vinahusu. Vidonge vya damu nilivyopewa kliniki vilinitia kichefuchefu nikaviacha mimba ikiwa ya miezi sita. Na siku hizi siwezi kupita sokoni bila kununua udongo wa kula, siku nisipoupata naona kama sijala. Damu mara ya mwisho sikupimwa, waliniambia vipimo vimeisha, nirudi siku nyingine. Sikurudi.

Niambie Mama, nimemdhuru mtoto? Na nifanyeje nilale?

Macho Makavu, Mabatini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na asante kwa kuandika kila kitu, hata vile ulivyodhani havihusu.

Nianze na linalokukesha. Umebonyezwa mara moja, siku zimepita, mtoto anacheza kama kawaida, hakuna damu, hakuna maji, hukuniambia tumbo linakaza na kuachia. Sioni sababu yoyote ya kuamini kwamba dole gumba la wifi yako limemgusa mwanao. Toa mkono wako tumboni usiku, upumzike. Kucheza kwake utakusikia tu hata mkono ukiwa chini ya mto.

Mama mkwe naye hakuzua. Pale ndani ya mguu, vidole vinne juu ya mfupa wa kifundo, nyuma kidogo ya ukingo wa mfupa wa muundi, Wachina wanapaita Sanyinjiao. Katika tiba yao ya sindano na ya kubonyeza, ni moja ya sehemu zinazotumika mwanamke akiwa kwenye uchungu, na waganga wao wamekuwa wakiziepuka kwa mjamzito ambaye siku zake hazijafika. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Kichina wamekuwa wakija kufanya kazi katika hospitali za nchi hii, kwa hiyo elimu hiyo si ngeni kwetu, na huenda mama mkwe aliisikia huko kwa njia zake. Tafiti zilizofanywa kuona kama kubonyeza pale kunaanzisha uchungu kweli hazijaonyesha nguvu kubwa hivyo. Ndiyo maana nakwambia usiogope kwa lililopita. Lakini ya nini kubonyeza sehemu yenye mashaka wakati zipo nyingine zisizo na mashaka? Mpaka utimize wiki 37, mguu ule uacheni. Acheni na pale juu ya bega katikati ya shingo na ncha ya bega, pale kwenye nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nyuma ya kifundo cha mguu upande wa nje, ukingo wa kidole kidogo cha mguu, na kiunoni chini karibu na makalio. Baada ya wiki 37, kama mtataka kuzigusa, mkunga wenu ajue kwanza.

Kwa hiyo mama mkwe amepatia kuhusu mguu, na wifi amepatia kuhusu mkono na paji la uso. Wasomee wote wawili barua hii wakiwa wamekaa pamoja.

Sasa nikuonyeshe za kubonyeza, polepole, maana video hupita haraka.

Geuza kiganja cha kushoto kitazame juu. Pale kiganja kinapoungana na mkono kuna mkunjo. Ufuate mkunjo huo kwenda upande wa kidole cha mwisho. Mwisho wake, chini ya nyama ya kiganja, utapapasa kijimfupa cha mviringo kama punje ya harage. Telezesha kidole nusu punje kuingia ndani, ukibaki kwenye mkunjo uleule, utaangukia kibonde kidogo laini. Hapo ndipo. Wachina wanapaita Shenmen, na kwao ni mahali pa kutuliza moyo na mawazo. Weka dole gumba la mkono wa pili, bonyeza mpaka usikie uzito, siyo maumivu, halafu zungusha dole bila kulihamisha juu ya ngozi. Vuta pumzi kwa pua, itoe kwa mdomo taratibu kuliko ulivyoivuta. Dakika mbili. Hamia mkono wa pili.

Ya pili iko jirani. Pima vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kuanzia kwenye mkunjo kurudi upande wa kiwiko. Kunja ngumi kidogo, utaona kano mbili zimesimama katikati ya mkono. Kati ya kano hizo ndipo Neiguan. Hii ndiyo inayojulikana zaidi kwa kichefuchefu, na kwako ina kazi mbili kama utakavyoona mbele.

Ya tatu ni katikati ya nyusi, na hapo usijibonyeze mwenyewe kama yupo wa kukusaidia. Mume wako akae kichwani pako, wewe ukiwa umelalia ubavu, aweke kidole cha kati pale na kuzungusha kwa wepesi sana, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo. Mikono ya mpakiaji wa dagaa ina ngozi ngumu, basi apake mafuta kidogo ya nazi kwanza. Dakika mbili au tatu zinatosha.

Fanyeni hivyo kila usiku saa ileile, taa imezimwa, simu iko chumba kingine. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mdogo kutoka Italia uliowafuata wajawazito wa miezi ya mwisho waliokuwa hawalali. Waliobonyezwa pale Shenmen walisema usingizi wao umekuwa bora. Zipo tafiti nyingine zinazoelekea hukohuko, lakini nyingi ni ndogo, watu wachache na siku chache, kwa hiyo sitakuahidi muujiza. Ninachokiamini kwa macho yangu ni kwamba mjamzito anayeshikwa mkono kwa upole, chumba kikiwa kimya, akipumua taratibu, mwili wake hulegea. Huenda ndicho kilichokulaza Jumapili: si kibonde kimoja, ni kwamba kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mtu alikaa chini akakuhudumia.

Nimemaliza uliloniuliza. Lililo kubwa zaidi liko katikati ya barua yako, na umelipitia kama mtu anayepita dukani bila kununua.

Miguu. Sisimizi ndani ya mifupa, jioni tu, ukilala tu, ukitembea inatulia. Huo si uchovu wa maandazi na wala si wasiwasi. Una dalili zote za hali inayojulikana kama miguu isiyotulia, na karibu mjamzito mmoja kati ya watano huipata, hasa miezi mitatu ya mwisho. Kwa wengi huisha yenyewe wiki chache baada ya kujifungua. Lakini ina rafiki yake mkubwa, naye ni upungufu wa madini ya chuma. Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza kemikali inayosimamia utulivu wa misuli, na chuma kikipungua, miguu ndiyo huanza kulalamika. Rafiki wa pili wa upungufu huohuo ni hamu ya kula vitu visivyo chakula. Udongo, mwanangu. Na wewe umeacha vidonge vya damu, unashinda kwenye birika la chai, na damu hujapimwa. Umeniandikia vitu vinne mbalimbali. Mimi nimesoma kitu kimoja.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Zamani nikiwa mkunga kwenye kituo kimoja kisiwani, alilazwa mama aliyetoka mbali akisubiri siku zake. Kila nilipokuwa na zamu ya usiku nilimkuta anatembea varandani, kutoka mlango wa leba hadi kwenye tangi la maji, anageuka, anarudi. Tulimwambia ni hofu ya uchungu. Mimi mwenyewe nilimwambia, nikamshika bega nikamrudisha kitandani. Usiku wa tatu nilimmulika kwa tochi nikavuta kope ya chini ya jicho. Ndani palikuwa peupe kama karatasi ya daftari. Alipopimwa alikuwa na damu chini ya 7. Tulipata ya kumwongezea na alijifungua salama, lakini zile siku mbili nilizomwambia alale, hazijanitoka mpaka leo. Mama anayeingia leba na damu kidogo hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza na kuamka akanywa uji, yeye inaweza kumuondoa.

Kwa hiyo usiku wa leo bonyeza mkono, na kesho asubuhi nenda kituoni ukapimwe wingi wa damu. Usingoje tarehe ya kwenye kadi. Wakikuambia vipimo vimeisha, uliza ni kituo gani cha jirani wanavyo, uende hukohuko siku ileile, Mwanza haikosi. Waambie kwa maneno yako kuhusu miguu, udongo na vidonge ulivyoacha, usione aibu. Kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 11 kwa desilita. Chini ya 7 ni hali mbaya. Na ujue kwamba damu inaweza kusoma vizuri huku akiba ya chuma imeisha, kwa hiyo hata ukiambiwa 11, bado taja miguu.

Waombe wakupime na malaria, na uwaeleze unavyotumia maji ya ziwa. Kwetu ufukweni damu haipotei kwa chakula peke yake. Kuna malaria, kuna minyoo ya safura, na kuna kichocho cha tumbo ambacho mtu anakichukua akifua au akioga ziwani na anakaa nacho miaka bila kujua. Dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza, na ya kichocho pia Shirika la Afya Duniani limeiruhusu kwa mjamzito baada ya muda huo. Muulize nesi kama umezipata. Ile dawa ya kukinga malaria unayomezeshwa palepale kliniki usiikose, na chandarua kishushwe kila usiku hata joto liwe vipi.

Vidonge vya damu utarudi navyo, na safari hii tufanye tofauti. Meza baada ya chakula cha jioni, siyo asubuhi tumbo tupu ukiwa unanusa mafuta ya maandazi. Vimeze na maji uliyokamulia chungwa au ndimu, kwa sababu ukakasi ule husaidia chuma kuingia mwilini. Kichefuchefu kikija, bonyeza Neiguan, ile ya vidole vitatu, ndiyo kazi ya pili niliyokuambia. Choo kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida. Kikiwa kigumu, ongeza maji na papai. Bado vikikushinda, rudi uwaambie wakubadilishie, au wakupunguzie kiasi cha kumeza kwa mara moja na kuongeza idadi ya mara, usiviache kimyakimya kama ulivyofanya.

Chai, najua ndiyo biashara yako. Lakini chai inakishika chuma cha chakula na cha kidonge na kukitoa nje. Iache saa moja kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na ikifika saa nane mchana isiingie tena mdomoni mwako, maana pia inafukuza usingizi. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia navyo visikutane na vya damu, vipishanishe saa mbili.

Udongo nao unafanya kazi ileile ya chai, unafunga chuma, na juu yake unaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi ambayo ni sumu kwa mtoto. Sikukemei. Mwili ndio unaotamani, na nimeona hamu hiyo ikiisha yenyewe kwa akina mama wengi damu ilipopanda. Wakati unangoja, pita njia nyingine usiyopita kwa muuza udongo, na utie karanga za kukaanga kwenye pochi.

Chakula cha kukusaidia kiko mikononi mwa mume wako kila siku. Dagaa, na wakipikwa vizuri na nyanya, matembele au mchicha pembeni, ndimu juu, ni chakula cha mjamzito hasa. Kitu kidogo kama hicho kila siku ni bora kuliko nyama ya Jumapili.

Piriton usimeze. Shoga yako anakutakia mema, kwani kweli inalewesha, lakini dawa za mafua za aina hiyo huichokoza miguu isiyotulia ikazidi. Ungelala nusu saa halafu sisimizi wangekuja mara mbili. Na dawa yoyote ya usingizi kwa mjamzito huamuliwa na daktari. Vivyo hivyo mizizi na majani ya kuchemsha. Nimewahi kupokea wanawake waliokunywa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, kizazi kikakaza bila kupumzika, mtoto akachoka ndani. Hilo ndilo la kumwogopea mjukuu.

Kuhusu kulala kwenyewe sina mengi. Kuanzia wiki ya 28 mjamzito alale ubavu, wa kushoto au wa kulia, kwa sababu akilala chali uzito wa mimba unalalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukizinduka uko chali, geuka tu, usihangaike. Viringisha kanga mbili uziweke nyuma ya mgongo zikuzuie kugeuka, na mto mmoja kati ya magoti. Kula mapema, saa kumi na mbili au saa moja, na inua upande wa kichwani wa godoro kwa nguo zilizokunjwa, kiungulia kitapungua. Kunywa maji mengi mchana, machache baada ya saa mbili usiku. Kabla ya kupanda kitandani loweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi kiasi, mama mkwe akukande mashavu ya miguu taratibu kwa kiganja kizima, akishuka kutoka goti, bila kuchomeka dole pale kwenye Sanyinjiao. Ukibanwa na mkazo wa ghafla kwenye shavu la mguu, hicho ni kitu kingine, nyoosha mguu na vuta vidole vikutazame.

Ila kabla hajakukanda, atazame miguu yote miwili kwa pamoja kwenye mwanga. Mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, mwekundu au unauma ukibonyezwa kwenye shavu lake, asiuguse kabisa na mwende hospitali usiku huohuo. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na kukanda kunaweza kuing'oa ikakimbilia mapafuni.

Kuna mengine ya kukutoa nyumbani bila kusubiri kuche: kichwa kinachouma sana na hakiachi, macho kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, damu, maji kutoka, homa, tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, kupumua kwa shida ukiwa umekaa tu. Mtoto akicheza pungufu kuliko desturi yake, nenda siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Na ngozi ikiwasha usiku, hasa viganja na nyayo, bila kipele chochote, usidhani ni joto la mawe. Inaweza kuwa ini, na inataka kipimo. Weka namba ya bodaboda unayemwamini karibu na kitanda, na nauli yake ikae chini ya mto, maana kushuka Mabatini usiku na mimba ya wiki 34 si jambo la kupanga ukiwa tayari unaumwa.

Mume wako mwambie hivi, kwa niaba yangu. Baba, kunyamaza kwako nakuelewa, umesimama kati ya mama yako na dada yako. Lakini kesho asubuhi mkeo asibebe ndoo ya maandazi. Ibebe wewe mpaka stendi, umwachie shoga yake auze siku moja, halafu umsindikize kliniki. Usiku ukirudi, dakika kumi za mikono yako ni zake.

Na mama mkwe asifunge mizigo. Tangu sasa yeye ndiye mwenye kazi ya kuhakikisha kidonge kinamezwa baada ya chakula cha jioni, na chungwa limekamuliwa, na chai imeondolewa mezani. Nina hakika hakuna chai itakayopita mbele yake.

Ukishapimwa, mwanangu, niandikie. Nataka namba ya damu iliyoandikwa kwenye kadi, na unieleze kama sisimizi wamepungua baada ya wiki mbili au tatu za vidonge. Kama namba ni ndogo, usinisubiri mimi, fuata watakachokuambia palepale, hata wakisema ulazwe.

Mama Mkunga